Pinki Niliyoiona Kijivu

Dada yangu mpendwa,

Wiki ya saba hii sijasikia sauti yako, na mwenye makosa ni mimi. Acha nianze na hilo, kwa sababu unajua nilivyo hodari wa kuzungukazunguka nikiwa nimekosea. Jina lako sitalitaja hapa, wala la watu unaowafanyia kazi huko Jeddah. Barua naiandika wazi kwa sababu simu yako imefungwa, na sijui ni nani atakayekufikishia.

Unazikumbuka penseli zetu za rangi? Kule Voi, shule ya bweni, ulikuwa ukiazima vitabu vya hadithi kwa mwalimu wako, unasoma wewe kwanza, halafu unanitumia nyumbani kwa yeyote anayetoka bwenini. Tulipaka maneno kwa wepesi ili tufute kabla ya kurudisha. Njano: hapa nimecheka. Buluu: hapa nimelia. Nyekundu: njoo, kuna jambo. Nyekundu uliitumia mara moja tu, mwaka ule ulipougua na matroni akasema unajifanya. Nilimwonyesha mama ule ukurasa. Mama hakuuliza hata swali moja, alijifunga leso akaja kukuchukua. Hivyo ndivyo nyekundu ilivyokuwa na uzito nyumbani kwetu.

Tulipokuja huku, wewe Jeddah na mimi Riyadh, mchezo tuliuhamishia kwenye simu. Akaunti moja, riwaya moja, dada wawili. Nyekundu haikuwepo kwenye zile rangi, tukakubaliana pinki. Ulicheka ukasema, "Pinki si ni nyekundu tu iliyoanikwa juani!" Tukaanza ile riwaya ya mama mwenye tanuri la mikate, na kila Ijumaa tulikuwa tukigombana kuhusu mume wake.

Halafu simu yangu ikatumbukia kwenye ndoo ya deki. Nikabaki na mulika mwizi ya kupigia tu. Binti wa madam wangu akanionea huruma, akanipa kisomeo chake cha zamani, kile kibao cha kusomea vitabu. Kilikuwa kijivu mwanzo mwisho: picha kijivu, jalada kijivu, na alama zote, za njano na za pinki, kijivu kilekile. Nawe ulipopiga simu ukaniuliza, "Na rangi zinaonekana huko?"

"Zinaonekana, dada. Zinang'aa kama leso mpya."

"Una uhakika? Nikipaka utaona?"

"Nitaona, bwana! Unanionaje?"

Nilidanganya. Nilikuwa nimechoka kuwa yule mdogo wa makombo, anayevaa gauni lako likishabana na viatu vyako vikishaisha kisigino. Nilitaka mara moja tu nikuringie. Ukasema, "Basi vizuri. Sasa nina amani." Sikukuuliza amani ya nini.

Mwezi uliofuata madam wako akaanza kukaa na simu yako. Ulikuwa ukinipigia Ijumaa, yeye ameketi kando, nikimsikia akikohoa. "Niko poa, kazi ni nzuri, halas, basi, tutaongea." Wewe, mtu wa kunimalizia salio kwa umbea, dakika moja halas! Mimi nikanuna. Nikadhani umeanza kunipa baridi, hata simu zilipokatika kabisa. Kitu pekee ulichobaki nacho ni tableti ya watoto, waliyokuwa wakikuachia walipolala mchana, na humo ulikuwa ukisoma. Alama zikazidi kwenye kibao changu. Kurasa nzimanzima za kijivu. Nikajisemea, dada kaipenda hii riwaya kweli. Nilikuwa hata nakuonea wivu unavyopata nafasi ya kusoma.

Jumatatu iliyopita binti wa madam alirudi kutoka dukani na kisomeo kipya, cha rangi. Alikaa nacho siku moja tu. Jumanne akanirushia kitandani: "Chukua wewe. Rangi zake mafi, hamna kitu, simu yangu ni bora." Makombo tena, lakini safari hii nilifurahi kama mtoto. Mchana nyumba nzima ilipolala nikajifungia chumba cha kufulia nikakiwasha.

Nikwambie ukweli, kwa kuwa wewe hupenda kujua kila kitu kilivyo. Kwanza nilipenda wepesi wake, na jinsi majalada yalivyopata uso: yule mama wa mikate na gauni lake la kijani, nilikuwa nimeshalisahau! Lakini ukurasa wenyewe una giza kuliko wa kile cha zamani, kama chumba kilichovutwa pazia. Ukifunua, unapepesa kidogo kabla ya kutulia. Na rangi zimechuja, zimechuja hasa, utadhani kitambaa cha jikoni. Nilisonya nikasema hata hiki wamenipa kikiwa kimeshafuliwa. Kisha nikafungua riwaya yetu.

Njano. Njano. Buluu. Njano. Na ukurasa wa 131, pinki.

Ilikuwa imepauka, dada, lakini ilikuwa pinki. Neno moja tu: *mgongo*. Mbele yake, *siwezi*, na *kuinama*. Ukurasa wa 140, *ufunguo*. Wa 146, *simu*. Wa 152 umelipaka neno *njoo* mara tatu, mahali patatu, katikati ya njano nyingi ulizozitawanya ili mtu mwingine asishtuke. Mashine ya kufua ilikuwa ikizunguka, nami nimekaa sakafuni, nikifunua tena kutoka 131. Kurasa zile zote nilikuwa nimezisoma. Nilizisoma zikiwa kijivu, nikala biskuti.

Nilimpigia Mama Swabra, yule wa kuuza chapati mtaani Al-Mahjar ambaye ulikuwa ukienda kwake siku za mapumziko. Alifunga jiko akaenda hadi kwenye jengo lenu. Alinipigia akiwa bado anahema: "Bawabu anasema hiyo familia ilihama. Wapi, mafi. Na dada yako hakumwona akitoka na masanduku. Lakini usilie kwanza, mama, bado tunauliza." Nikapiga kwa wakala aliyekuleta. Kijana mmoja akaniambia ikama yako, kile kibali cha kukaa, bado ni halali, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Kama kwamba kadi ndiyo inayoumwa mgongo!

Juzi nilifungua kisomeo tena, na kabla sijagusa kitu kikaniuliza kama nataka kwenda ukurasa wa mbele zaidi uliosomwa, wa 209. Mimi sijavuka 152. Jana kikaniuliza tena. Wa 214. Akaunti hii tunaijua wawili tu.

Labda ni mtoto anachezea tableti. Hilo pia nimeliwaza. Lakini mtoto hasomi kurasa tano kwa siku akasimama pale sura inapoishia, na huo ni mtindo wako tangu Voi. Uko mahali fulani, unasoma. Kinachonitisha ni kwamba kuanzia 153 hadi 214 hakuna alama hata moja. Si njano, si buluu, si pinki. Uliita, ukaita, mimi nikakaa kimya na rangi zangu zinazong'aa, na sasa umeacha kuita. Unajua nimeona. Unadhani nimeona na sikuja. Hilo ndilo linaloniua, dada. Sikuona. Nilikudanganya, basi.

Leo asubuhi niliacha vyombo sinkini nikamwendea baba mwenye nyumba sebuleni, nikamweleza yote, nikiwa na kisomeo mkononi. Alizifunua zile kurasa mojamoja. Madam akasema, "Bukra, bukra, kesho, sasa kuna wageni." Baba amesema Alhamisi anakwenda Jeddah kumwona mamake, na atanichukua, na twende kituo cha polisi pamoja tukawatafute kwa jina la kafili wako, huyo mwajiri aliyekudhamini. Madam bado amenuna na huenda hilo likabadilika. Mimi nimeshakunja nguo zangu. Wakinizuia, nitakwenda kwa basi, na kazi ibaki hapahapa.

Barua hii nimeinakili pia kwenye kisomeo, pale pa kuandikia maoni, chini ya ukurasa wa 214, kwa kidole kimoja. Pale yule mama anapomwita mwanawe kutoka dirishani, mwana anajibu neno moja. Hilo neno nimelipaka pinki. *Nakuja.*

Ukiliona, lipake njano juu yake, hata kama huna cha kucheka. Nitajua uko hai, na nitajua ukurasa.

Kaa hapo ulipo, dada, nipo njiani.

Ni mimi, mdogo wako, niliyesema zinang'aa.