Kabla Mama Hajaoga Lipingo

Maskati, Jumapili baada ya misa

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Najua utaipokea barua hii ukiwa umenuna, lakini shikamoo ni haki yako hata ukiwa umenuna. Shemeji anaendeleaje na ule mguu wake? Na wapwa zangu, bado wanashinda ziwani mpaka macho yanakuwa mekundu? Mimi mwili mzima. Moyo ndio haujatulia, na aliyeutibua ni wewe.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu unazikata, na barua haikatiki. Ukitaka kuichana, ichane, ila uisome kwanza. Anayekuletea ni Deo wa Kitai, fundi umeme mwenzangu, tunafanya kazi pamoja huku na sasa yuko likizo. Nimemwomba afike kwako hata kabla hajakaa vizuri kwao. Mpe samaki wa mbasa na ugali wa muhogo, akishashiba mwache afanye nililomtuma.

Huku joto ni lile lile, na wali ni ule ule, asubuhi wali, jioni wali. Nikirudi mtanikuta nimesahau hata kumega tonge. Kazi yetu bado ni kufunga hizi paneli za kugusa kwenye kuta za watu. Kioo kama cha simu kubwa, ukigusa hapa taa zinawaka, ukigusa pale mapazia yanafunguka. Kuna tajiri mmoja tumemfungia kila chumba, na hajui kutumia hata moja. Anamwita mpishi atoke jikoni aje amzimie taa. Tunacheka kimoyomoyo na kuendelea kutoboa ukuta.

Kwa hiyo uliponitumia ile video ya nyumba yako ya wageni hapo Lipingo, sikushangaa kwamba na wewe umezitaka. Nilifurahi sana, dada. Ulianza na jiko la mkaa na mandazi, leo una vyumba vinavyotazama ziwa, na kila chumba kitakuwa na kioo chake ukutani. Niliwaonyesha wenzangu nikajidai kidogo. Deo ndiye aliyeniambia niirudishe nyuma, pale fundi wako Kastori anapoonyesha paneli ya chumba cha kwanza kabla hajaifunika. Tukaona waya wa kijani wenye mstari wa njano umefungwa mahali pa nyutro. Huo ni waya wa ardhi. Pale si pake.

Nilimpigia Kastori wala sikumgombeza. Ni mtoto wa kaka yake shemeji, na najua unavyompenda. Nikamuuliza, "Mwanangu, huo waya wa ardhi unafanya nini pale?"

"Anko, kwenye boksi la swichi hakukuwa na nyutro. Hizi swichi zetu za kawaida haziitaki. Nikaona, si yote inakwenda ardhini? Nikatumia huo. Na imewaka vizuri tu."

"Na kile kifaa cha kukata umeme kwenye boksi kubwa kilinyamaza?"

"Kile kilikuwa kinakata kila nikiwasha. Kibovu kile, anko. Nimekiruka, nimeunga waya moja kwa moja."

Hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinawaambia ukweli mkakiruka.

Ndipo nikakupigia wewe, na wewe ukanijibu kwamba tangu nije Uarabuni ninawaona nyote washamba, na kwamba nina wivu kwa kuwa mimi najenga nyumba za wenzangu na wewe umejenga yako. Iliniuma. Sina wivu, dada. Ningekuwa nao ningekaa kimya.

Sikiliza, nakueleza kwa lugha ya nyumbani. Umeme ukiingia kwenye kitu lazima uwe na njia ya kurudi, na njia hiyo ni nyutro. Waya wa ardhi haupaswi kubeba umeme siku za kawaida. Unakaa tu kungoja siku ya hatari, na umeshikana na vyuma vyote vya nyumba: sinki, bomba, na ile heater ya bafuni inayochemsha maji juu ya kichwa cha mtu. Kastori amegeuza njia ya hatari kuwa njia ya kila siku. Sasa fimbo yako ya ardhi imechomekwa kwenye mchanga wa ufukweni, na mchanga ule ukikauka haupokei kitu. Umeme uliokosa pa kwenda unabaki kwenye vyuma unangoja mtu. Na kifaa ambacho kingekata mara moja, mmekiruka. Mtu akisimama miguu mitupu, maji yakimtiririka, akashika bomba, yeye ndiye anakuwa njia ya kurudi.

Sisemi haya kwa kuyasoma. Kwenye jengo moja hapa alikuwepo mama mmoja wa usafi, mwenyeji wa Nkhata Bay, ng'ambo ya ziwa letu hilo hilo. Siku tuliyojuana aliniita kaka kwa lugha yao, akasema, "Achimwene, wewe na mimi tumekunywa maji ya bakuli moja," na tangu siku hiyo akawa ananiletea mihogo akiipata sokoni. Mafundi wa kampuni nyingine walifunga paneli kwenye nyumba aliyokuwa anasafisha, wakafanya alivyofanya Kastori. Ilifanya kazi wiki nyingi bila shida. Siku aliyokufa alikuwa anasuuza dekio bafuni. Sisi tulikuwa ghorofa ya chini, tukasikia ndoo ikianguka. Tulipopanda, paneli ilikuwa bado inawaka ukutani, inaonyesha hali ya hewa. Deo ndiye aliyekata umeme. Mimi nilisimama tu. Jioni tukaambiwa tuhamie jengo jingine, na hakuna aliyetuuliza tulichoona.

Kwa hiyo dada, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu ni wewe, najua, methali hiyo hainisaidii. Basi nisikie kama mtoto uliyembeba mgongoni kwenda kuchuma kahawa. Mwache Deo azime meni swichi. Mwache avute nyutro mpya mpaka kila paneli, arudishe waya wa ardhi kazini kwake, na akirudishe kile kifaa mlichokiruka. Fimbo ya ardhi aihamishie kwenye udongo wenye unyevu. Paneli za vyumba ambavyo hujafunga, usizifunge. Zibadilishe na zile zinazotumia umeme mdogo, zinazoshushiwa nguvu kwenye boksi kubwa, ili nyuma ya kioo kusipite umeme mkali. Na kila mlangoni bakiza swichi ya kawaida ya kubonyeza. Umeme wa kwetu unakwenda na kurudi, kioo kinaweza kurudi kimeduwaa, na mgeni hawezi kukaa gizani akibembeleza ukuta.

Kastori usimfokee. Mwambie akae karibu na Deo aangalie. Mikono yake ni mizuri, ila hakuna aliyemfundisha.

Sasa jambo linalonikosesha usingizi. Mama alinipigia kutoka Mpepai, sauti yake kama ya msichana. Akasema, "Skola amenialika nikalale mimi wa kwanza padre akishaibariki nyumba yake ya wageni, kama nilivyolala wa kwanza kwenye nyumba aliyojenga baba yenu. Anasema maji ya moto yanatoka ukutani yenyewe. Huku baridi imenila vidole, nitaoga mpaka nichoke." Ameshanunua na sabuni ya kunukia. Nilishindwa kumwambia. Nilimjibu, "Vizuri mama," kisha nikakaa kitandani nikalia, mtu mzima mimi.

Chumba ulichomwandalia ni kile cha kwanza, dada. Najua umemchagulia kwa mapenzi, kwa sababu ndicho kinachopata jua la asubuhi.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako mwambie dawa yake ya kikohozi anayo Deo. Wapwa zangu wape pole ya kukosa viatu safari hii. Mama mdogo aliyeko mjini Mbinga mwambie simu yake nimeiona, nitampigia. Katekista wenu aniombee.

Kama Deo atakuwa hajamaliza siku padre atakapofika, nyumba ibarikiwe hivyo hivyo, ikiwa giza. Kwa usiku huo mmoja mama mbandikie maji kwenye mafiga, umpelekee kwa beseni, umsugue mgongo mwenyewe. Kanikasirikie hata miaka, nitavumilia. Ila nataka nikipiga simu kesho yake asubuhi, mama ndiye apokee.

Mdogo wako,
Benitho