Ukitaka Kumfikia Aliye Mbele

Baba Mdogo,

Kwenye mazishi yako kule Matiliku walinipa maikrofoni niseme neno kwa niaba ya watoto. Nilisema "Bwana asifiwe," nikairudisha. Najua wewe hungeshangaa. Kwa hivyo leo nakuandikia, nikiwa hapa kwenye duka lako la gemu za kompyuta Nunguni, kwenye kile kiti chako chenye mguu uliofungwa kwa waya.

Flash ninayo mimi. Nilitaka ujue hilo kwanza.

Jumatatu ile tuligombana kuhusu gemu yetu, kama mtu anaweza kugombana na mimi. Wewe ulisema, mimi nikanyamaza. Ulitaka vyombo vya angani viende moja kwa moja pale mchezaji anapobonyeza, kama pikipiki. Mimi nilitaka viende kama vinavyokwenda kweli, vikivutwa na sayari na kuizunguka. "Mwaitu," uliniambia, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yako na hukuwahi kuniita vingine, "watoto wanakuja hapa kupigana vita. Hawaji kufanya mtihani wa fizikia." Nikachomoa flash yenye kazi yetu yote, nikaenda nayo nyumbani bila kuaga. Alhamisi ukaanguka ukifungua duka.

Nilikuwa nimepanga kuja Ijumaa. Nilikuwa nimekuchorea mchoro.

Baada ya hapo sikuigusa. Nikiimaliza kwa njia yangu, nitakuwa nimekushinda wakati huwezi kunijibu. Nikiimaliza kwa njia yako, nitakuwa najifanya nilikubali. Mama mdogo ndiye aliyechoka kunitazama. "Mashine zikilala sana zinaingia mchwa," alisema, akanipa funguo.

Basi Jumamosi nikawawekea ile yangu wateja wako wa kila siku, Mwende na wenzake wa darasa la saba. Mwende alikuwa anamfukuza adui aliye mbele yake kwenye mzunguko ule ule. Akabonyeza mbele. Chombo kikapanda juu, kikabaki nyuma. Akabonyeza zaidi, kikabaki nyuma zaidi.

"Aii! Hii kitu imekunywa!"

"Ni wewe tu hujui kuendesha," mwenzake akasema. "Leta hapa."

Huyo naye akapotelea gizani huko. Wakacheka, halafu wakaanza kutafuta sweta zao. Walikuwa wanaondoka, Baba Mdogo, vile ulivyosema.

Nikasimama. Nikawauliza kama wamewahi kumtazama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi. Ni mfano wako, ule ulionipa pale ukingoni mwa shamba nikiwa Form Two, siku niliyolia kwa sababu ya fizikia. Kamba ikijizungusha kwenye kigingi, mbuzi anasogea ndani, mzunguko wake unakuwa mfupi, anaumaliza upesi. "Ukitaka kumfikia aliye mbele," nikamwambia Mwende, "piga breki kwanza. Utashuka karibu na sayari, utazunguka upesi, utamkuta."

"Breki? Na ninamfukuza?"

Alinitazama kama mtu aliyeuziwa viazi vilivyooza. Lakini akapiga. Chombo kikashuka, kikampita adui kwa chini, kikatokea mbele yake. Nadhani kelele za Mwende zilifika sokoni.

Kutoka sayari moja hadi nyingine ndiko ulikonishinda. Mmoja wao alienda kununua chapati, akala, akarudi, chombo bado kiko njiani. Kwa hivyo nimefanya hivi: karibu na sayari, chombo kinavutwa kweli. Kikishafika mbali, kinakwenda moja kwa moja, vile ulivyotaka. Si fizikia kamili. Mwalimu wangu angeipiga kalamu nyekundu. Lakini jana watoto walikaa mpaka mama zao wakaja kuwaita.

Sayari ya kwanza nimeipa jina lako. Mwezi wake ni mbuzi. Ungenicheka sana.

Nisamehe zile siku tatu. Nakuahidi gemu nitaimaliza, na nikikasirika na mtu nitasema, hata kama sauti itatoka ndogo.

Lala salama, Baba Mdogo. Flash nimeirudisha kwenye droo ya kushoto, pale unapoiweka. Sasa nafunga duka, naenda nyumbani. Tazama, leo nimeaga.

Mwaitu wako,
Kalekye