Petikoti Nyeupe Kupita Kiasi

Kabianga, Kericho

Kwako Mama Imali,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi na majani ya chai. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, nao unaujua tangu tuoane, kwa hiyo hiyo si habari. Niambie goti lako linaendeleaje, na kama yule ng'ombe wa pembe moja amezaa au bado anatuchezea. Mama naye amekubali kunywa dawa, au bado anaificha chini ya godoro na kusema amepona?

Barua yako niliipata kwa mkono wa jirani yetu Asava aliporudi kazini. Aliileta ndani ya soksi, nami niliisoma nikiwa nimeishika mbali kidogo. Uliuliza jambo moja tu, kwa maneno machache kama kawaida yako ukianza kukasirika: hii kazi itadumu, au nirudi tupande mahindi pamoja kama watu wengine? Nilikuwa nimeshika kalamu kukujibu kwamba itadumu, ndipo akaja mgeni kutoka ng'ambo kuuliza swali hilo hilo. Basi nikusimulie ya mgeni kwanza, kisha jibu lako utalikuta mbele.

Najua utamsomea kaka yangu Jumba barua hii, kwa hiyo naeleza kazi yenyewe, ili akicheka acheke akiwa anaelewa. Tangu mitumba ijae sokoni, fundi wa nguo amebaki kufupisha suruali za wazungu marehemu. Kikundi hiki cha kina mama kilinichukua kwa sababu kilikuwa na vyerehani na hakikuwa na mtu wa kuvibembeleza vikigoma. Sasa navitengeneza, nakata vitambaa, na akija mtu wa Kiingereza, natafsiri. Tunashona petikoti, vesti na nguo za ndani za wanawake, za kuvaa kila siku, bila maua wala lesi. Kanisani wakiniuliza nafanya nini, nasema niko upande wa mashine.

Kitambaa chetu ni cha pamba iliyolimwa upande wa ziwa bila kupigwa dawa yoyote. Kampuni moja ya ng'ambo inanunua nguo zetu na kuwauzia wanawake wasiotaka dawa kwenye ngozi yao. Pamba hiyo, ikiachwa ilivyo, si nyeupe. Ina rangi kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi.

Mgeni aliitwa Marta, mama wa umri wetu, viatu vyake vizito kuliko vya askari. Alitumwa na kampuni kutazama kama tunachofanya ni kweli na kama kinaweza kuendelea. Akitupitisha, tunapewa kazi ya mwaka mzima. Asipotupitisha, nakuja kupanda mahindi.

Aliuliza kila kitu. Pamba inatoka kwa nani. Wamama wanafika nyumbani kabla ya giza? Nani anabaki na watoto? Akauliza hata vipande vinavyobaki vinaenda wapi, nikainuka na kumwonyesha mto niliokuwa nimeukalia, umejazwa vipande hivyo. Mpaka saa ya chai tulikuwa tunaenda vizuri, na mimi nilishaanza kuringa kwamba Kiingereza changu hakijaoza.

Wakampa mursik. Unakumbuka nilikuelezea, maziwa lala ya huku yanayokaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wao. Marta alitazama ule weusi unaoelea, akaniuliza polepole kama huo ni uchafu. Nilipotafsiri, Kogo alicheka hadi akashika meza. Kogo ni mama mzee wa kikundi, na jina lenyewe ni nyanya kwa Kikipsigis. Hana mume wala shamba la chai lake mwenyewe. Anafua na kupiga pasi nguo zilizokwisha kushonwa, na hiyo ndiyo kazi aliyo nayo duniani. Akasema mgeni aambiwe huo si uchafu, hiyo ndiyo maziwa yenyewe. Marta akanywa kikombe chote, na Kogo akampenda hapo hapo.

Baada ya chai Marta akaomba kuona nguo zilizo tayari kusafirishwa. Akatoa petikoti mbili, akazibeba mpaka dirishani. Moja ilikuwa na ile rangi ya maziwa. Nyingine ilikuwa nyeupe mpaka imeingia ubuluu, kama shati la mwalimu mkuu siku ya wazazi. Akaniuliza hii imepakwa nini.

Mimi nyeupe hizo nilikuwa nimeziona, nikajiambia tu kwamba Kogo ana mkono mzuri. Lakini mwenyekiti wetu, Mama Chebet, aliusoma uso wa mgeni kabla yangu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie ni jua. Sisi huanika kwa nyasi."

Nami, kwa ushujaa wangu unaoujua, nikamwambia Marta ni jua.

Sasa Kogo hajui Kiingereza, lakini Kiswahili anakisikia vizuri, hasa akinong'onewa mtu mwingine. Akasimama.

"Jua gani?" akasema. "Jua inafanya kazi ya mkono yangu tangu lini?"

Akaenda kwenye kabati la pasi, akarudi na chupa ya jiki, ile dawa ya kutoa madoa, na pakiti ya bluu ya kung'arishia nguo. Akaziweka mbele ya mgeni kama mtu anayetoa sadaka, akarudi hatua moja nyuma kungoja asifiwe.

 Marta aliitazama chupa, kisha akanitazama mimi. Hakukuwa tena na jua la kutafsiri. Nikamwambia ukweli wote, na kusema kweli ulikuja kwa Kiingereza kizuri kuliko uongo.

Ukweli wenyewe ni huu. Kina mama hawa asubuhi wanachuma chai yao, wanaipeleka kituoni kupimwa, ndipo wanakuja kushona. Utomvu wa chai unakolea vidoleni, mweusi, na hautoki kwa maji. Wanasugua kwa ndimu, lakini mwingine anakuja mbio na kushika kitambaa hivyo hivyo. Kogo alikuwa anakuta alama za vidole kwenye pindo. Kwake kumpelekea mtu wa mbali nguo yenye alama ni kumtukana. Akaanza kuloweka zenye alama. Kisha akaona zile zisizolowekwa zimekuwa kama chafu kando ya zilizolowekwa, akaloweka na nyingine. Alinunua jiki mwenyewe na hakumdai mtu.

Marta hakukasirika, na hilo ndilo lilimshtua Kogo. Aliuliza tu maji ya kulowekea yanamwagwa wapi. Kogo akanyoosha mkono kuelekea kijito kilicho chini. Marta akauliza nani anatumia maji ya chini. Kogo akaurudisha mkono. Ng'ombe wake wawili hunywa hapo.

Tukatenganisha nguo mezani, za maziwa huku, nyeupe kule. Upande wa nyeupe ulikuwa mrefu zaidi. Marta akasema hizo haziwezi kwenda, maana mwanamke atakayezinunua ataambiwa hazijaguswa na dawa. Nikatafsiri bila kuongeza wala kupunguza. Kogo akavua aproni, akaikunja vizuri, akaniuliza mimi, wala si mgeni, "Amesema niende?"

Nikauliza. Marta akasema hakuja kumfukuza mtu. Kogo hakuamini, labda kwa sababu mtafsiri alikuwa yule wa jua.

Mama Chebet ndiye alimrudisha. Akamsogezea kibuyu cha mursik, akasema, "Kogo, wewe umecheka mgeni kwa sababu ameona rangi ya maziwa akasema ni uchafu. Sasa pamba nayo imekufanya nini?"

Kogo alikaa. Baadaye akasema vidole basi vioshwe, yeye atahakikisha.

Wakakubaliana pale pale kwamba anayechuma chai leo hashoni leo. Kogo ndiye anakaa mlangoni na bakuli la ndimu kwa utomvu wa jana, na kila anayeingia anamwonyesha mikono, mbele na nyuma, kama darasa la kwanza. Mimi sichumi chai, lakini jana alinirudisha nje kwa sababu ya mafuta ya cherehani. Wamama walifurahi kuliko Krismasi.

Marta amechukua zile za rangi ya maziwa, kidogo tu. Kazi ya mwaka hakutupatia. Alisema atarudi baada ya mvua ndefu aone kama Kogo bado yuko mlangoni na kijito kiko safi. Akimkuta, tutazungumza.

Hilo ndilo jibu langu. Sijui kama itadumu, na aliyevuka bahari kutazama naye hajui. Mahindi panda na Jumba, mimi sitafika. Mvua ikiisha na mgeni akatukataa, nitakuja kuvuna na utanicheka mavuno yote. Ila nimemtazama yule mzee akikagua vidole, na kama ungenilazimisha kusema, ningesema atakuwepo.

Msalimie mama, umwambie nimeuliza habari za godoro. Msalimie kaka yangu Jumba, anayechunga ng'ombe wangu vizuri mpaka amesahau ni wangu. Msalimie dada yako Kavugwi wa kwaya, na binti yetu Imali, aandike mwenyewe sasa kwa kuwa shule inalipiwa na petikoti.

Kwenye kifurushi utakuta moja, nimekuchagulia kipimo kwa kukumbuka, kwa hiyo usinilaumu kiunoni. Ni katika zile zilizokataliwa. Kogo aliipiga pasi mwenyewe aliposikia ni ya mke wangu. Usiitie bluu, imeshatiwa ya kutosha.

Ni mimi wako, ninayekaguliwa vidole kila asubuhi,

Baba Imali