Mashine ya Unga Inasubiri Marahaba

Mpendwa mshauri Mama Modesta, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana niko kidato cha tatu, naishi Kiseke kwa baba mdogo Machibya mwenye mashine ya kusaga, na nilimtengenezea programu inayopokea taarifa kwa mtandao kwamba unga wa fulani uko tayari, kisha inamwita mwenyewe kwa spika, na kwa kuwa naona aibu kuita watu wazima majina tu, niliifundisha iseme shikamoo kwanza na isiendelee mpaka mzee atume marahaba kwa simu. Wakati inasubiri, inafunga orodha ya wateja kwa kufuli ili wawili wasiitwe pamoja. Mzee Luhende akahamia Misungwi, nikafuta jina na namba yake kwenye orodha, lakini agizo la kumwita, lenye jina lake, nikalisahau ndani ya programu, basi tangu juzi spika inasema, "Shikamoo Mzee Luhende," halafu kimya, hakuna mwingine anayeitwa, na baba mdogo hatoi unga kwa mtu ambaye hajaitwa.

Wateja wameitikia marahaba kwa pamoja, wapi. Bibi Wilhelmina akasema, "Machibya, huyu mzee ulimpunja pumba, ana kinyongo."

"Mimi? Labda kibaba kimoja."

Sasa Jumamosi wanapeleka mbuzi Misungwi kumwomba apokee salamu, na ni mbuzi wa kipaimara cha mdogo wangu Princess. Naogopa kusema ni mimi.

Malimi, Kiseke

Marahaba, Malimi. Adabu unayo, ila umeiweka mahali pabaya. Nani alikuambia usalimie watu huku umeshika kufuli? Hata mzee angekuwa hapo mlangoni, marahaba yake ingeandikwa wapi, wakati orodha umeifunga mwenyewe?

Zima programu leo. Ikiwaka tena, ifunge orodha, ichukue jina, ifungue, ndipo isalimie. Isipojibiwa kwa dakika moja, iendelee, wazee watakusamehe. Na mteja akihama, ondoa kwanza agizo la kumwita, subiri mwito ulioanza umalizike, mwisho ndipo ufute jina. Wewe ulibomoa nyumba ukamwacha mgeni anapiga hodi.

Kuhusu baba yako mdogo, pole, lakini mwambie. Luhende akishampokea mbuzi hatamrudisha, na Princess atasherehekea kwa mchicha. Ukishindwa kumtazama usoni, mwachie ujumbe kwenye simu, halafu nenda karekebishe programu. Usikae kungoja ajibu.