Shilingi Sitini kwa Mwezi, Lakini Mwezi Upi?

Mpendwa Mama Mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie, maana nimefanya kosa na sijui nilitengeneze vipi. Mimi ni msichana wa Sambasha, nimemaliza darasa la nane, na wiki mbili zilizopita nilipata barua ya kukubaliwa chuo cha ualimu kwa miaka miwili, lakini siku hiyo hiyo Bwana Koikai, mnyapara wa shamba la kahawa la Mzungu, alikuja nyumbani akamwambia baba kwamba wanatafuta msichana anayejua kuandika, awe karani wa mizani ya kupimia kahawa, mshahara shilingi sitini kwa mwezi, na baba akafurahi sana, nami nikaogopa, nikaificha barua ndani ya kitabu cha nyimbo, nikasema majibu bado.

Jumapili baba alimwuliza mwalimu wangu, Bibi Hanna, mwalimu anayeanza hupata kiasi gani.

"Sabini na tano, Baba Namnyaki."

Baba akacheka. "Miaka miwili ya kukaa bure, kwa shilingi kumi na tano! Hesabu hiyo, mwalimu, ulifundishwa wapi?"

Mama akasema, "Na huyo Koikai anayelipwa na shamba hilo, shati jipya tulimwona nalo lini?"

Mama Mshauri, naupenda sana ualimu, lakini nina wadogo watatu, na kama baba hakukosea sitaki kuwa mzigo kwake. Chuo kinataka jibu kabla ya tarehe ishirini. Je, elimu yangu ni ya shilingi kumi na tano tu?

Namnyaki, Sambasha

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Umemdanganya baba yako, halafu unataka nimkosoe yeye. Anahesabu bila kuiona barua, atahesabu nini?

Lakini Koikai naye hakumaliza kusema. Shambani watu wote, hata karani, hulipwa kwa kipande, kile kikaratasi kinachotiwa alama kila siku uliyofanya kazi, na mshahara hutoka alama zikitimia thelathini. Jumapili haina alama. Ukiugua, hakuna alama. Nawajua watu ambao "mwezi" wao ulichukua wiki saba. Na kahawa ikiisha, mizani huwekwa stoo na karani hurudi kwao. Mwalimu wa serikali hulipwa kwa mwezi wa kalenda, hata shule ikifungwa, na kwa cheti chake huongezewa kidogo kila mwaka. Wako matajiri wa mjini wanaolipa zaidi kuliko serikali, lakini nao swali lao la kwanza ni umesoma mpaka wapi. Sikufichi: mwalimu wa kike bado hupata pungufu kuliko mwanamume mwenye cheti hicho hicho. Ni dhuluma, lakini hata mshahara huo pungufu huwezi kuupata bila cheti.

Leo hii mpe baba barua kwa mikono miwili, umwombe radhi. Usibishane naye. Mwambie tu aende kwa mchumaji yeyote wa shamba lile, aombe kuona kipande chake, amwulize mwaka jana alilipwa mara ngapi. Ahesabu mwenyewe.

Gazeti hili litatoka tarehe ishirini na mbili, nawe utakuwa umechelewa. Kwa hiyo nakala ya jibu nimeitia posta asubuhi hii, na ndani yake nimeweka stempu. Si ya kuniandikia mimi. Kiandikie chuo.