Si Abdi Aliyenikondesha

Eldoret, Jumapili baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Natumai umeamka salama na magoti yamekupa nafasi ya kusimama bila kushika ukuta. Je, Isiolo imepata mvua? Mbuzi wanapata majani? Huku baridi ni ile ile unayoichukia, lakini tuko. Namwomba Halima, binti wa kaka, akusomee barua hii polepole, na mkifika pahali pa kulia, mmoja wenu ajikaze amalize. Kwa simu nimejaribu. Nikisikia tu sauti yako maneno yote yanapotea.

Mama, nimesikia unawatuma wajomba waje wanichukue. Mama Zeinab, jirani yako, alipokuja huku kununua vitambaa alipita dukani kwetu, akanipima kwa macho, gauni langu la dira linaning'inia mwilini, akaniuliza, "Kwani Abdi anakulisha nini siku hizi?" Nilicheka tu. Sikujua angeyabeba maneno hayo mpaka mlangoni kwako. Sasa mnasema mume wangu ananinyima chakula, au ameoa mke wa pili na ananitesa. Abdi na mke wa pili! Huyu mmoja tu anamtoa jasho.

Ukweli ni kwamba nina kansa ya titi la kushoto. Nimekwisha kuliandika neno hilo, na sitalirudia.

Niliuhisi uvimbe nikioga. Abdi aliacha lori kijijini Ziwa likiwa limepakiwa nusu mahindi ya watu, akaja kunipeleka hospitali. Walinitoa kinyama kidogo wakakipima. Majibu yalipotoka, daktari, msichana wa huku huku, umri wa kuwa binti yangu, alivuta kiti akakaa karibu nami.

"Mama," akasema, "ile mafuta iko kwa mwili si mafuta imekaa tu. Inafanya kazi. Kitambo, homoni ya kike ilikuwa inatoka sana kwa ovari. Saa hii umewacha kuona mwezi, ovari imelala, lakini mafuta bado inatengeneza hiyo homoni. Na hii aina yako, tumepima, homoni inaweza kuisaidia ikue."

Nikamuuliza, "Kwa hivyo ni unono umeniletea?"

"Hapana, hiyo siwezi sema. Hata wembamba wanapata. Hakuna mtu anaweza kukuambia yako imetoka wapi. Lakini tukikupatia dawa ya kupunguza hiyo homoni, na wewe upunguze mwili pole pole, tunaweza kuinyima nguvu kidogo. Si kwamba itakuponesha. Upasuaji bado iko."

Basi nameza vidonge, nimeacha nyama ya mafuta na samli, na kila asubuhi baada ya swala Abdi ananitembeza mpaka Kimumu na kurudi. Yeye anatembea mbele kidogo, kama kawaida yake, akijifanya hanisubiri. Chakula anakula kile kile ninachokula mimi, na unajua anavyopenda nyama. Msikitini wenzake wamemuuliza kama duka limekosa unga, naye ananyamaza, kwa sababu nilimwambia nataka wewe uwe wa kwanza kujua. Aibu hiyo yote ameibeba, mama, mwanamume ambaye mke wake anakonda mbele ya watu.

Nakwenda kwa jambo ambalo hatulizungumzi. Mwaka ule wa fujo za kura, duka lilipochomwa, tulilala sakafuni msikitini na mwanangu Yusuf akashikwa na nimonia. Barabara zilikuwa zimefungwa kwa mawe na miti. Abdi alimfunga mgongoni kwa shuka langu akatoka naye kwa miguu kutafuta hospitali. Alirudi naye mikononi, amemfunika uso. Baada ya hapo mimi niliacha kula, mifupa ikanitoka, mpaka ulipokuja wewe.

Ulikuja na nyirinyiri yako, nyama imelala kwenye samli, na maziwa, ukanilisha kwa mkono wako kama mtoto. Ulikaa huku, pamoja na baridi unayoichukia, mpaka shavu langu likajaa. Siku ya kuondoka ulinishika mkono hapa juu, ukaubonyeza, ukasema, "Sasa naenda, mtoto wangu amerudi." Nami tangu siku hiyo niliutunza unono wangu. Watu walikuwa wakiniona wanajua yale yamepita. Sasa kila nikivaa nguo ikanipwaya, najiona tena yule mwanamke wa sakafuni msikitini, na nalia. Mwili huu ni wewe uliyenipa. Kuupunguza ni kama kukukosea adabu.

Lakini mama, usije ukasema ni samli yako. Nilimuuliza daktari hata hilo, akaniambia chakula kile kiliniokoa. Nakuomba uamini hivyo, maana mimi naamini.

Upasuaji ni wiki ijayo, titi lote linaondoka. Wajomba wakinichukua sasa, nitaacha dawa na daktari, na nitakuja kufia mikononi mwako nikiwa mnono. Sitaki. Naogopa sana, mama, na bado nataka kuishi.

Nisalimie kaka na mkewe, na shangazi anayeuza maziwa sokoni. Halima, asante, mwanangu, jifute uso. Mjomba Hassan, mkubwa wa wajomba, mwambie kama amekwisha kukata tiketi, asiirudishe. Aje, lakini aache ugomvi huko huko. Abdi hana ndugu hata mmoja mji huu, na siku nitakayoingizwa ndani atakuwa amekaa nje peke yake kwenye benchi. Mjomba akae naye.

Mwanao anayekupenda,
Rukia