Maelezo ya Sheikhan bin Nasor juu ya Dresa Aliyegongwa na Lori Mtaa wa Sikukuu

Jina: Sheikhan bin Nasor. Umri: miaka 41. Kazi: mwenye duka la kamba na makarai. Makazi: Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo.

Mbele ya Koplo Aristides naeleza kwa hiari yangu.

Mnamo tarehe 14 Machi 1956, saa nne asubuhi, nilikuwa barazani kwa duka langu. Lori la mbao lilikuwa likitoka upande wa sokoni, mwendo wa taratibu. Mtu mmoja akaingia barabarani bila kutazama, kama anayetembea usingizini. Dereva alipiga honi na kushika breki, lakini gurudumu lilimpanda mguu. Kosa si la dereva.

Nilipomsogelea nilimtambua. Ni Eliakimu, dresa, yaani msaidizi wa daktari, wa hospitali ya serikali. Mwaka jana nilimpeleka huko mke wangu, Sabaha, akiwa na uchungu wa kuzaa. Wodi ilijaa, wazazi wawili wawili kitanda kimoja, wengine sakafuni. Eliakimu alituambia tumlaze kibarazani tungoje. Alisema daktari ni mmoja na yumo chumba cha kupasulia. Nilimwita tena na tena. Kila mara alisema anakuja. Sabaha alifia pale kibarazani, na mtoto tumboni.

Basi watu wakaniomba gari langu, maana lilikuwa limesimama mlangoni. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Niliinama nikamuuliza, "Mke wangu unamkumbuka?"

Alinitazama sana. Akasema, "Niwie radhi, bwana. Wako wengi."

Nikarudi dukani nikaketi. Wachukuzi walimpakia kwenye mkokoteni, naye akilia njia nzima mpaka sikumsikia tena.

Jioni alikuja jirani yangu Severa, nesi wa hospitali hiyo hiyo. Alinieleza kwamba wenzake Eliakimu wanaumwa, na tangu Jumatatu alikuwa peke yake wodini, hajalala. Ndiyo kwanza alikuwa anarudi kwake. Mguu umekatwa. Alisema angefika mapema, pengine ungepona. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru kwa habari. Aliondoka bila kuniaga. Usiku ule nilikula nikashiba, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nimzike Sabaha.

Koplo ameniuliza kama leo ningetoa ufunguo. Aandike kwamba nisingetoa.

Niliyonayo ni hayo. Nimesomewa, ndivyo nilivyosema.

(Sahihi) Sheikhan bin Nasor

Nimeandika kama alivyotamka. Nilimshauri shahidi aliondoe jibu lake la mwisho. Amekataa.

(Sahihi) Koplo Aristides